Wanafunzi wapya wanatumia bloku ya kurudia bila kuielewa: nianzie wapi kufundisha vitanzi na uhuishaji?

Swali

Habari zenu, walimu wenzangu. Ninawafundisha watoto wa umri wa miaka 9 hadi 12 kuunda programu kwa kutumia Scratch, lugha ya kompyuta ambayo amri zake ni bloku za kuunganisha, na wote ni wapya kabisa katika kazi hii. Vipindi viwili vya mwanzo vilikwenda vizuri: waliburuta bloku, wakamsogeza paka ambaye ndiye mhusika wake, wakabadilisha mandhari na mavazi (yaani picha mbalimbali za mhusika), wakafurahi. Ugumu ulianza katika kipindi cha tatu, nilipoingia kwenye vitanzi, yaani bloku za kurudia.

Nilieleza kwamba badala ya kupanga bloku kumi za «sogea hatua 10», tunachukua bloku moja tu na kuiweka ndani ya «rudia mara 10», na matokeo yatakuwa yale yale. Mtoto mmoja akanyoosha mkono na kusema kwamba matokeo si yale yale, kwa kuwa alipopanga bloku kumi paka aliruka ghafla, na alipotumia kitanzi paka aliteleza. Nilijaribu mwenyewe mbele ya darasa nikakuta amesema kweli. Sikuwa na jibu.

Baadaye niliwapa zoezi la kumtembeza paka kutoka upande mmoja wa jukwaa, yaani eneo la skrini anamoonekana, hadi mwingine huku miguu yake ikibadilika. Karibu wote walichukua «rudia daima», wakatia ndani yake «sogea hatua 10», «vazi linalofuata» na «ukifika ukingoni, rudi», kisha wakabofya bendera ya kijani inayoanzisha programu. Paka alikimbia kama aliyefukuzwa, miguu ikapepesa kiasi cha kutotambulikana, na alipogonga ukingo wa kulia akarudi kichwa chini, miguu juu. Kicheko kilikuwa kikubwa, ila nilipowauliza mmoja mmoja sababu ya hayo yote, hakuna aliyeweza kunieleza. Walikuwa wakibadilisha namba ovyo hadi mambo yaonekane sawa. Wawili walilalamika pia kwamba bloku ya «sema» inakataa kushikana chini ya «rudia daima».

Ninaomba ushauri katika mambo mawili. Kwanza, je, nianze na kitanzi chenye idadi au kile kisicho na mwisho? Pili, je, uhuishaji, yaani kuzifanya picha zionekane zina mwendo, ufundishwe pamoja na vitanzi, au nisubiri hadi vitanzi vieleweke?

Jibu la 1

Mwalimu, huyo mtoto aliyekukosoa usimwache apotee, kwa maana ameona jambo ambalo wengi wetu tumelipita bila kulitazama. Suala la kuruka na kuteleza ninawaachia wanaolifahamu zaidi. Mimi nitazungumzia usomaji wa kitanzi, kwa sababu naona mfano wako wa kwanza una kasoro nyingine iliyojificha.

Kitanzi chenye amri moja ndani yake hakiwezi kukuonyesha kama mwanafunzi ameelewa. Jaribu hivi: waandikie ubaoni «rudia mara 4», na ndani yake uweke «sogea hatua 100» na «geuka nyuzi 90», kisha uwaambie waandike kwenye karatasi, bila kugusa kompyuta, kila amri ambayo paka ataitekeleza kwa mpangilio wake. Utashangaa ni wangapi watakaoandika sogea, sogea, sogea, sogea, halafu geuka, geuka, geuka, geuka. Kwao kurudia maana yake ni kila bloku kujirudia peke yake hadi imalize zamu zake ndipo inayofuata ianze. Mtoto mwenye fikra hiyo atapata jibu sahihi katika mfano wako wa «sogea» peke yake, nawe utaondoka ukiamini kuwa ameelewa. Kwa hiyo mfano wa kwanza kabisa uwe na amri mbili, na ziwe amri ambazo kila moja ikirudiwa peke yake kabla ya nyingine, umbo linaharibika.

Baada ya karatasi, watoke kwenye viti. Mmoja awe paka, wa pili asome amri kwa sauti, wa tatu ahesabu mizunguko kwa vidole na kumwambia msomaji arudi juu. Kidole cha yule wa tatu ndicho kitanzi chenyewe, na mara nyingi ndiye anayeelewa kuliko wote. Njia hii ina umri mrefu: lugha ya Logo, iliyobuniwa mwaka 1967 na Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon, ilikuja kuwa maarufu kwa kasa anayechora, na Papert alisisitiza kwamba mtoto ajiweke mahali pa kasa na kutumia mwili wake kufikiri. Bloku za mwendo na za kalamu katika Scratch ni warithi wa kasa huyo.

Mraba ukishakaa vizuri, waombe wabadilishe namba mbili tu ili wapate pembetatu yenye pande sawa. Karibu wote wataandika nyuzi 60, kwa kuwa wamefundishwa katika hesabu kwamba pembe za ndani ni nyuzi 60 kila moja, na mchoro utakataa kufunga. Usiwape jibu. Mrudishe paka wa kibinadamu sakafuni, atembee, na wote watazame anageuka kiasi gani anapofika kwenye kona: anageuka pembe ya nje, nyuzi 120. Hapo watagundua wenyewe kwamba anayezunguka umbo na kurudi alikoanzia, akitazama kule kule, amegeuka jumla ya nyuzi 360, na kwamba 360 ikigawanywa kwa idadi ya pande inatoa pembe ya kugeuka. Wale wepesi wape nyota yenye ncha tano, ambayo inadai nyuzi 144 mara 5, jumla 720, yaani mizunguko miwili kamili, na uwaache wajiulize hiyo ya pili imetoka wapi. Wakitaka zaidi, waweke mraba mzima ndani ya kitanzi cha pili kinachorudia mara 36 kwa kugeuka nyuzi 10. Wataona ua, na watalazimika kukubali kwamba bloku chache zimechora mistari 144. Kumbuka tu kwamba katika Scratch 3.0 bloku za kalamu hazipo kwenye orodha ya kawaida, bali huongezwa kupitia kitufe cha viendelezi kilicho chini upande wa kushoto.

Kwa swali lako la kwanza, basi, ninasimama upande wa kitanzi chenye idadi. Kina mwanzo na mwisho, kinahesabika kwa vidole, na makosa yake yanabaki yamechorwa jukwaani ili yachunguzwe.

Jibu la 2

Naomba nilijibu lile la kuruka na kuteleza, kwa sababu ndilo linalounganisha maswali yako mawili.

Scratch huchora jukwaa upya takriban mara 30 kwa sekunde. Kila mchoro huo tuuite fremu. Bloku zilizopangwa moja chini ya nyingine, bila kitanzi wala «subiri» katikati, hutekelezwa zote ndani ya fremu moja, kabla jukwaa halijachorwa upya. Kwa hiyo bloku kumi za «sogea hatua 10» zimemsogeza paka mara kumi kweli, lakini jicho halikupewa nafasi ya kuona mahali pale tisa pa katikati. Limeona mwanzo, likaona hatua ya 100. Kitanzi hakifanyi hivyo. Kila kinapofika mwisho wa mzunguko mmoja, kama kuna kitu kilichobadilika jukwaani, kinasimama kidogo na kuacha jukwaa lichorwe kabla ya kuanza mzunguko unaofuata. Hivyo «rudia mara 10» imechukua fremu kumi, yaani karibu theluthi moja ya sekunde, na jicho limeona vituo vyote. Paka hakuteleza kwa sababu ya bloku ya «sogea». Ameteleza kwa sababu ya mdomo wa chini wa kitanzi.

Ndiyo maana sentensi ya «matokeo ni yale yale» ni ya kweli kuhusu mahali paka anapoishia, na si ya kweli kuhusu kile kinachoonekana njiani. Mimi ningerudi darasani na kusema hivyo hivyo, na kumpa mtoto yule sifa yake mbele ya wenzake.

Sasa tazama zoezi la kutembea kwa jicho hilo. Jukwaa lina upana wa 480, kutoka -240 hadi 240 katika mhimili wa x, na urefu wa 360. Hatua 10 katika kila fremu, kwa fremu 30, ni hatua 300 kwa sekunde, kwa hiyo paka anavuka jukwaa zima kwa sekunde 1.6. Miguu nayo inabadilika mara 30 kwa sekunde, na kwa kuwa paka ana mavazi mawili tu, kila vazi linarudi mara 15 katika sekunde moja. Hakuna mtembea kwa miguu wa namna hiyo. Katika filamu za katuni zinazochorwa kwa mkono, zenye fremu 24 kwa sekunde, ni jambo la kawaida kabisa mchoro mmoja kushikiliwa kwa fremu mbili, ili michoro iwe 12 tu kwa sekunde, na mwendo bado ukaonekana mzuri. Watoto wako walikuwa wanabadilisha vazi zaidi ya mara mbili ya kasi hiyo.

Dawa ambayo wote huikimbilia ni kutia «subiri sekunde 0.1» ndani ya kitanzi. Miguu inatulia, lakini mwendo nao unapunguzwa hadi miruko isiyozidi 10 kwa sekunde, kila mmoja wa hatua 10, na paka anaonekana anakwamakwama. Hapa ndipo penye somo bora la kipindi kizima, kwa maana mtoto anagundua kwamba mambo mawili yenye mapigo tofauti hayafai kukaa katika kitanzi kimoja. Waambie watengeneze milolongo miwili, yaani mafungu mawili ya bloku yanayokwenda kwa wakati mmoja, yote ikianza na bendera ya kijani: wa kwanza una «rudia daima» yenye «sogea hatua 3» na bloku ya ukingo, bila kusubiri, wa pili una «rudia daima» yenye «vazi linalofuata» na «subiri sekunde 0.15». Mwendo utakuwa laini, takriban hatua 90 kwa sekunde, na miguu itakwenda kwa mapigo yake. Kisha wape kazi ya kupatanisha namba hizo mbili hadi miguu isionekane kuteleza sakafuni. Hapo kubadilisha namba si kubahatisha tena, kwa sababu kila namba ina kitu chake inachokitawala na mtoto anaweza kukitaja.

Lile la kichwa chini halihusiani na vitanzi hata kidogo, kwa hiyo limalize haraka ili lisiibe kipindi. Paka anayetazama kulia ana mwelekeo wa 90. Akirudi kutoka ukingoni anakuwa na -90, na kwa kuwa namna yake ya kuzunguka ni ya pande zote, picha yake inazungushwa nusu duara. Weka bloku ya namna ya kuzunguka iwe kushoto na kulia tu, na mambo yamekwisha.

Kuna bloku moja ningeificha kwa sasa, nayo ni ile ya «teleza kwa sekunde 1 hadi x na y». Inampendeza kila mtoto na inatoa mwendo laini papo hapo, lakini ndani yake imekimeza kitanzi chote ambacho wewe unataka wakijenge.

Jibu la 3

Ninatofautiana kidogo na jibu la kwanza. Mtoto wa miaka 9 anayefungua Scratch anataka kitu kiwe hai, na kitu hai hakihesabiki mara 10. Mimi huanza na «rudia daima» yenye «vazi linalofuata» na «subiri» tu, mhusika akiwa amesimama pale pale: ndege anapiga mabawa, mshumaa unapepea, uso unakonyeza. Hakuna hesabu wala pembe. Wanachora mavazi mawili au matatu kwa mkono wao, na wanaona mara moja kwamba mwendo ni picha zinazofuatana.

Hata lile la bloku kukataa kushikana chini ya «rudia daima» ni zawadi. Umbo lenyewe linasema: bloku hiyo haina kishikio upande wa chini kwa kuwa hakuna siku programu itakayofika hapo. Waulize kabla ya kuwaeleza. Wengi wanalipata jibu wenyewe, nami hutumia nafasi hiyo kuwauliza ni bloku gani ya kurudia yenye kishikio chini, na kwa nini. Idadi inaingia hapo, kwa kuwa sasa wanaihitaji.

Muulizaji

Ninawashukuru wote. Nimefanya vipindi viwili zaidi tangu niulize, na ninarudi na taarifa.

Nilianza na mabawa ya ndege, kama jibu la tatu lilivyoshauri, kwa nusu kipindi tu, halafu nikatoa karatasi. Kati ya watoto 14, tisa waliandika sogea mara nne ndipo wakaandika geuka mara nne. Kusema kweli niliona aibu, maana hao hao walikuwa wamemaliza zoezi la kipindi cha tatu nami nikawapongeza. Tulipocheza paka sakafuni, aliyehesabu kwa vidole ndiye aliyemkatiza msomaji na kusema, «Hapana, bado hujageuka, huwezi kuanza mzunguko wa pili.» Baada ya hapo niliwapa karatasi nyingine na makosa yalibaki mawili.

Maelezo ya fremu niliyatoa kwa kutumia pembe za daftari: kila mtoto alichora nukta inayosogea kwenye kurasa za mwisho na kuzipekua kwa kidole gumba. Niliwauliza itakuwaje tukichora nukta zote kumi kwenye ukurasa mmoja, tukafuta tisa, kisha tukafungua. Yule mtoto wa kwanza akacheka na kusema, «Ndiyo bloku kumi zile.»

Milolongo miwili imefanya kazi vizuri, lakini imezaa matatizo mapya ambayo sikuyategemea. Kuna waliotaka paka aseme neno akigusa mpira, wakaweka «kama unagusa mpira» chini ya bendera, na paka hasemi kamwe hata akipita juu ya mpira. Kuna aliyeweka «nenda x: -200 y: 0» ndani ya kitanzi, na paka anabaki mahali pamoja akichezesha miguu. Na kuna aliyetaka mlio wa hatua, akaweka «piga sauti hadi mwisho» katika kitanzi cha mwendo, na paka akawa anasogea mara moja kila mlio unapokwisha. Haya yote ni kosa moja au ni makosa matatu?

Jibu la 2, tena

Mimi nayaona kuwa swali moja lililoulizwa mara tatu: bloku hii inatekelezwa lini, na mara ngapi? Ukiwafundisha kuweka kidole juu ya kila bloku na kujibu swali hilo kwa sauti, watayapata yote matatu bila wewe kueleza.

Bloku ya «kama» iliyo nje ya kitanzi inauliza mara moja tu, katika fremu ya kwanza kabisa baada ya bendera kubofywa. Wakati huo paka yuko mbali na mpira, jibu ni hapana, na mlolongo umekwisha. Watoto hudhani «kama» ni mlinzi anayekesha mlangoni, kumbe ni mpita njia anayechungulia mara moja na kwenda zake. Wakitaka akeshe, wamweke ndani ya «rudia daima», na huo uwe mlolongo wake wa tatu, uliotengwa na mwendo, ili kusema kwa sekunde mbili kusimsimamishe paka njiani.

«Nenda x: -200 y: 0» ni kinyume chake, kwani hiyo ilipaswa kutekelezwa mara moja na sasa inatekelezwa katika kila mzunguko. Paka anasogea hatua 3, anarudishwa, anasogea tena. Iwekwe kati ya bendera na kitanzi, pamoja na mwelekeo wa 90 na vazi la kwanza. Usilipite hili haraka. Scratch haimrudishi mhusika alipokuwa. Ukibofya kitufe chekundu cha kusimamisha anabaki pale pale alipokomea, na ukibofya bendera anaanzia hapo. Watoto wengi wanaosema programu yao ilifanya kazi jana na leo imeharibika hawajaharibu kitu, ila walianzia mahali pengine jana.

Sauti nayo ina mtego wa pande mbili. «Piga sauti hadi mwisho» inakizuia kitanzi hadi mlio umalizike, kama ulivyoona, na kwa sababu hiyo inafaa kabisa katika mlolongo wake yenyewe, mbali na mwendo. Mtoto mjanja atabadilisha na kuweka «anzisha sauti», isiyosubiri, na kuiacha katika kitanzi cha mwendo. Hapo sauti itaanzishwa upya kila fremu, mara 30 kwa sekunde, na atasikia mngurumo badala ya hatua. Mwache ausikie kwanza. Kisha muulize ni mlolongo upi kati ya ile aliyo nayo unaokwenda kwa mapigo ya miguu, naye ataihamishia huko, chini ya «vazi linalofuata», bila kuambiwa.

Jambo la mwisho, kwa kuwa umesema wana hamu ya kwenda mbele: kitanzi kinachofanya hesabu tu, bila kubadilisha chochote jukwaani, hakisubiri fremu, na kinaweza kumaliza mizunguko mingi sana kabla jukwaa halijachorwa. Atakayekuja kukuambia kwamba kitanzi chake cha kuhesabu hadi 1,000 kimekwisha papo hapo ilhali cha mwenzake cha kusogeza paka mara 1,000 kimechukua zaidi ya nusu dakika, mkabidhi kwa yule mtoto aliyenyoosha mkono siku ile amweleze.

Muulizaji

Nimempa kazi hiyo leo. Amechora mistari thelathini ubaoni, akaandika «sekunde moja» chini yake, na akaanza kueleza kabla sijakaa.